Kabla Hujaleta Samaki Nyumbani, Yajue Maji ya Bomba Lako

Samaki wangu wanane wa kwanza walikufa ndani ya siku tano, tena kwenye maji meupe pe. Tangi lilikuwa la lita 60, sebuleni kwangu Njiro, Arusha. Kokoto nimeziosha mpaka zikatakata, filta mpya. Siku ya tatu walianza kung'ang'ania juu ya maji wakihema, matamvua yamewaiva. Sikuwa nimepima chochote. Kwa hiyo wewe uliye Arusha au Moshi na unafikiria kuanza, nakuomba pesa ya vipimo itoke mfukoni kabla ya pesa ya samaki.

Anza na kujua maji yako yametoka wapi. Arusha tunategemea chemchemi na visima virefu vya miteremko ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ndiyo inayoyapa floridi, ile ile inayowaachia watu wa huku meno ya kahawia, na maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na magadi pia: baikaboneti ya sodiamu tele, kalisi kidogo. Sabuni inatoa povu haraka kwenye maji hayo, mtu akaamini ni maji mepesi, kumbe yamebeba alkali nyingi. Moshi mjini maji mengi yanashuka kutoka chemchemi za Kilimanjaro na kwa kawaida madini yake ni machache, ila ukiteremka tambarare kwenye visima hali inabadilika. Usiazime jibu la jirani. Kama nyumbani una bomba na kisima, pima vyote viwili.

Vipimo vya matone ndivyo ninavyoviamini. Vya karatasi ni vya haraka, lakini kopo likishaingiwa na unyevu vinasema uongo. Unahitaji vitano: pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 maji ni machachu, juu yake yana hali ya magadi), alkali (kwenye boksi imeandikwa KH), amonia, nitriti na nitrati. Wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea huwa na kipimo cha pH na klorini, na ni bora kuliko kukosa kabisa, ila vingi vinaishia pH 8.2, na maji ya Arusha yanaweza kuvuka hapo. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Rangi isomee dirishani mchana, karatasi nyeupe nyuma ya kichupa. Chini ya taa ya usiku njano na kijani huchanganyika machoni. Chupa ya nitrati itikise kwa nguvu angalau nusu dakika, maana dawa yake hutuama chini na bila kutikiswa itakupa jibu dogo la kukufurahisha.

pH pima mara mbili. Maji ya kisima yakitoka tu ardhini huwa yamebeba hewa ya kaboni kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na hewa hiyo huishusha pH. Kinga ndoo, pima papo hapo, kisha iache wazi usiku kucha na upime tena asubuhi. Kwangu jioni ilikuwa 7.4, asubuhi kichupa kilikuwa cha zambarau, 8.4. Namba ya asubuhi ndiyo samaki watakayoishi nayo. Kulaza maji hivyo kunaondoa na klorini ya bomba, hasa ukiweka pampu ya hewa ndani ya ndoo.

KH watu wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo ufunguo. Ni nguvu ya maji ya kukataa kubadilishwa. Unadondosha tone moja moja huku ukihesabu mpaka buluu igeuke njano. Kila tone ni nyuzi moja, yaani kama miligramu 18 kwa lita. Ukifika matone kumi na zaidi, achana na ndimu na siki: pH itashuka saa chache kisha ipande tena, na huko kupanda na kushuka kunawaumiza samaki kuliko pH kubwa iliyotulia. Ukitaka kuishusha kweli, changanya na maji ya mvua. Subiri masika ioshe bati kwanza, ndipo ukinge. Maji ya mvua karibu hayana KH kabisa, kwa hiyo nusu kwa nusu itakupa KH iliyopungua karibu nusu.

Sasa amonia, iliyoniulia wale wanane. Inatoka kwenye kinyesi cha samaki, matamvua yao na chakula kilichobaki. Ndani ya maji hukaa kwa sura mbili, moja ina madhara kidogo, nyingine ni sumu, na pH ndiyo inayogawa. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye 8.5 inafika kama 15. Kipimo kinasoma zote kwa pamoja. Kwa hiyo rangi ile ile ya kijani anayoivumilia mtu mwenye maji ya pH 7, huku kwetu inaua. Kwetu lengo ni sifuri, yaani njano tupu.

Wanaoiondoa ni bakteria wanaojijenga kwenye sponji ya filta: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji. Wape wiki nne hadi sita bila samaki, ukitia chembe za chakula zioze. Juni na Julai baridi ya Arusha huwachelewesha, ongeza muda. Rafiki mwenye tangi la zamani akikupa kipande cha sponji yake, umepona nusu ya kusubiri. Ila kamwe usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itawaua. Umeme ukikatika kutwa nzima, filta iliyosimama hukosa hewa na bakteria hufa, basi pima amonia upya.

Mwisho chagua samaki wanaoyapenda maji uliyo nayo. Kwa pH 8 na zaidi, mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wako nyumbani. Neon tetra, samaki mdogo aliyetoka kwenye maji ya Amazon yenye alkali kidogo sana, utamtesa. Kama tangi ni dogo kama langu, usiwalazimishe mbuna humo.

Na wakisafirishwa kwa basi kutoka Dar, jua kwamba ndani ya mfuko pumzi yao imeshusha pH na kuifanya amonia iliyorundikana isiwadhuru. Ukifungua mfuko, ile hewa inatoka, pH inapanda, sumu inaamka. Uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa bado umefungwa, dakika kama 15 za kulinganisha joto, kisha fungua, watoe kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko yamwage nje.