Jinsi ya Kushughulikia Arifa za Kurejesha Akaunti Zisizokoma Baada ya Kuwasha Ulinzi wa Juu wa iCloud

Baadhi ya watumiaji wa iPhone jijini Nairobi waliowasha ulinzi wa juu wa data kwenye iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, hukutana na usumbufu wa aina moja: alama nyekundu hubaki kwenye Mipangilio, na arifa inayowataka wakague njia za kurejesha akaunti hurudi kila baada ya muda, hata wakiifunga mara nyingi. Aghalabu arifa hiyo haimaanishi kwamba usimbaji fiche, yaani kuifunga data ili isisomeke bila ufunguo, umeharibika. Huashiria kwamba mojawapo ya njia za kurudi kwenye akaunti haijakamilika, imepitwa na wakati, au imefungamana na kifaa ambacho hakimo tena mikononi mwa mwenyewe. Kazi iliyopo ni kuitafuta njia hiyo na kuitengeneza huku ulinzi ukiendelea kufanya kazi. Nasisitiza hilo kwa sababu ushauri wa haraka unaotolewa katika vibanda vingi vya mafundi wa simu katikati ya jiji ni kuzima ulinzi ili arifa inyamaze, na ushauri huo humvua mtu kinga aliyoitaka bila kugusa kiini cha tatizo.

Kwa nini simu inasisitiza

Katika mpangilio wa kawaida wa iCloud, data husimbwa, lakini Apple huhifadhi funguo za sehemu kubwa ya data hiyo, zikiwemo funguo za picha, faili na nakala rudufu ya simu, na ndiyo maana mtu aliyesahau nenosiri anaweza kusaidiwa kuzipata tena. Ulinzi wa juu ulibadilisha mpango huo. Apple iliutangaza Desemba 2022, ukaanza Marekani kwa toleo la 16.2 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, kisha ukasambazwa katika nchi nyingine kwa toleo la 16.3 Januari 2023. Wakati wa uzinduzi, aina za data zinazosimbwa mwanzo hadi mwisho zilipanda kutoka 14 hadi 23, na funguo zake zikabaki kwenye vifaa vya mtumiaji peke yake. Barua pepe za iCloud, orodha ya majina na nambari za watu, pamoja na kalenda, hazimo, kwa kuwa ni lazima zishirikiane na mifumo ya kampuni nyingine. Watumiaji wapya walioko Uingereza hawawezi kuuwasha tangu Februari 2025, jambo ambalo wenye jamaa huko wanapaswa kulifahamu kabla ya kuwapigia simu kuwaelekeza.

Kwa hiyo, ukipoteza vifaa vyako vyote na kusahau nenosiri, kampuni haina kitu cha kukufungulia. Kinachobaki ni nambari ya siri ya kifaa chako, ufunguo wa urejeshaji wenye herufi na tarakimu 28, au msaidizi wa urejeshaji, yaani mtu uliyemteua ambaye kifaa chake kinaweza kutoa msimbo wa kukusaidia kurudi. Mfumo haukuruhusu kuwasha ulinzi kabla ya kuweka walau ufunguo au msaidizi mmoja, na njia hizo zinapolegea, kukukumbusha ndilo jambo pekee uwezalo kukufanyia.

Kwanza, hakikisha arifa ni ya kweli

Kabla ya kurekebisha chochote, tambua arifa imetoka wapi, kwa maana ujumbe unaotaja urejeshaji wa akaunti huja kwa sura tatu tofauti na kila sura ina jibu lake.

Sura ya kwanza ni ile inayoonekana ndani ya Mipangilio, chini ya jina lako. Hiyo huhusu hali ya akaunti yako na ndiyo inayoshughulikiwa katika sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Sura ya pili ni kidirisha kinachojitokeza kwenye skrini kikiuliza kama unaruhusu kifaa hiki kitumike kubadilisha nenosiri. Kama hukuanzisha jambo hilo mwenyewe, kataa, na ukatae kila kinaporudi. Mnamo Machi 2024 ziliripotiwa habari za wahalifu waliokuwa wakitumia ukurasa halali wa kusahau nenosiri kumfurikishia mtu vidirisha hivyo mfululizo, wakitarajia achoke abonyeze ruhusa, kisha wakampigia simu wakijidai kuwa wahudumu wa Apple na kumwomba msimbo uliotumwa kwa arafa. Wakazi wa Nairobi waliozoea simu za watu wanaodai kwamba wametuma pesa kwa M-Pesa kimakosa wataitambua mbinu hiyo mara moja, kwani ni ile ile iliyovaa nguo nyingine. Mhudumu halali hakuombi msimbo, nenosiri wala ufunguo wa urejeshaji.

Sura ya tatu ni arafa au barua pepe inayosema kwamba ombi la kurejesha akaunti limewasilishwa. Usiguse kiungo kilichomo. Andika mwenyewe anwani account.apple.com kwenye kivinjari, ingia, na ukague hali ya akaunti. Ukikuta ombi ambalo hukulituma, lisitishe na ubadilishe nenosiri siku hiyo hiyo. Inafaa kujua kwamba ufunguo wa urejeshaji, unapowashwa, huzima utaratibu wa kawaida wa Apple wa kurejesha akaunti kwa kusubiri, na hilo humfungia njia mgeni anayejaribu kuingia kwa hila. Hukufungia na wewe pia, ikiwa ufunguo wenyewe umepotea.

Kagua msaidizi wa urejeshaji

Ukishahakikisha kwamba arifa inatoka ndani ya Mipangilio, fungua ukurasa wenye jina lako juu kabisa, ingia sehemu ya kuingia na usalama, kisha utazame wasaidizi wa urejeshaji. Ikiwa umewasha kinga ya simu iliyoibwa, iliyokuja na iOS 17.3, fanya kazi hii ukiwa nyumbani au kazini unapokwenda kila siku, kwa sababu ukiwa mahali pasipojulikana na simu, kubadilisha ufunguo au msaidizi huhitaji uthibitisho wa uso au kidole, kusubiri saa moja, kisha uthibitisho wa pili. Wengi hudhani simu imekwama, kumbe inahesabu saa hiyo.

Kasoro niliyoiona mara nyingi zaidi ni mwaliko usiojibiwa. Mtu aliye katika kikundi chako cha familia cha Apple huongezwa papo hapo, lakini rafiki au jamaa aliye nje ya kikundi hicho hupelekewa ombi ambalo ni lazima alikubali, na hadi alikubali, wewe huna msaidizi hata kama jina lake linaonekana kwenye orodha. Mpigie simu. Mwombe afungue sehemu hiyo hiyo ya wasaidizi kwenye kifaa chake na atafute jina lako miongoni mwa watu ambao anaweza kuwarejeshea akaunti. Asipoliona, mwondoe kwenye orodha yako na umwalike upya mkiwa wote kwenye mtandao. Akiliona, njia hiyo ni nzima, na hakuna haja ya yeye kutoa msimbo wowote kwa ajili ya majaribio.

Msaidizi ni lazima awe na umri wa zaidi ya miaka 13, awe na kifaa cha Apple chenye iOS 15 au toleo la baadaye, na awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili. Sharti la kifaa ndilo linalotuletea shida hapa nchini, kwa kuwa simu nyingi zinazotumika ni za Android. Dada yako wa Eldoret aliyekuwa na iPhone mwaka juzi, ikanyakuliwa kwenye dirisha la matatu, naye akanunua simu ya Android, hawezi kukusaidia leo hata kama anakupenda kupita watu wote. Unaruhusiwa kuwa na wasaidizi hadi watano. Weka wawili au watatu, na uwachague watu ambao hawaishi nyumba moja nawe, ili moto au wizi mmoja usichukue vifaa vyenu vyote kwa pamoja. Msaidizi haoni data yako. Anachopata ni uwezo wa kukusomea msimbo.

Kagua ufunguo wa urejeshaji

Kutokana na uchache huo wa simu za Apple, naamini ufunguo ndio nguzo inayofaa zaidi kwa mtumiaji wa Nairobi, na msaidizi awe wa kumwongezea nguvu. Tafuta karatasi uliyouandika. Simu ikikuomba uuthibitishe, uandike kutoka kwenye karatasi hiyo ili ujue kwamba kilichoandikwa ni sahihi. Usipoupata, au ukikataliwa, na bado una kifaa unachokifungua kwa nambari ya siri, hujapoteza kitu: unaweza kutengeneza ufunguo mpya, na wa zamani utakoma kufanya kazi wakati huo huo. Karatasi zote za zamani zichanwe, kwa sababu karatasi mbili zenye funguo tofauti humchanganya mtu siku ambayo hana nafasi ya kubahatisha.

Andika kwa kalamu isiyofutika, kwa herufi kubwa, katika vikundi kama vinavyoonekana kwenye skrini. Usiupige picha. Picha huingia kwenye maktaba ya picha ya iCloud, nayo ni sehemu ya data itakayokuwa imefungwa siku utakapouhitaji ufunguo. Kujitumia ufunguo kwa WhatsApp au barua pepe hakufai pia, kwa kuwa atakayeifungua simu yako atausoma. Weka nakala moja nyumbani pamoja na hati kama cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja, na nyingine mbali na hapo, kwa mfano kwa wazazi mashambani, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Vifaa vya zamani na laini zilizokufa

Tembeza orodha ya vifaa iliyo chini ya ukurasa wa jina lako. Ulinzi wa juu unahitaji iOS 16.2 au zaidi kwenye simu, macOS 13.1 kwenye tarakilishi za Mac, na watchOS 9.2 kwenye saa. iPhone 7 na zilizoitangulia hazikuvuka iOS 15, na saa ya Apple Watch Series 3 haikupata watchOS 9, kwa hiyo hakuna namna ya kuzisasisha zifikie kiwango hicho. Simu uliyoiuza Luthuli Avenue bila kutoka kwenye akaunti, au uliyompa mpwa wako anayesoma, huenda bado imo kwenye orodha. Iondoe. Kama ungali nayo, toka kwenye akaunti ukiwa kwenye kifaa chenyewe kwanza.

Wakati mwingine arifa hukuomba nambari ya siri ya kifaa kingine chako, pengine tarakilishi uliyoiacha kabatini. Ombi hilo likiwa ndani ya Mipangilio ni halali, na jibu lake ni nambari ya kufungulia kifaa kilichotajwa. Usipoikumbuka, simu inaweza kukupa chaguo la kuweka upya data iliyosimbwa mwanzo hadi mwisho. Ogopa chaguo hilo. Linaweza kufuta manenosiri yaliyohifadhiwa na data nyingine isiyo na nakala mahali popote, na hakuna anayeweza kuirudisha.

Angalia pia nambari za simu zinazoaminika. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na nambari yake huweza kupewa mteja mwingine, ambaye baadaye atapokea misimbo yako. Ondoa nambari usiyoitumia, na uongeze ya pili unayoimiliki.

Arifa ikibaki baada ya yote hayo

Sasisha mfumo wa kila kifaa, hakikisha tarehe na saa zinajiweka zenyewe, kisha uzime simu na kuiwasha. Tazama pia ukurasa wa Apple unaoonyesha hali ya huduma zake, kwani hitilafu ya upande wao huleta arifa zisizoeleweka. Fungua mipangilio kwenye kila kifaa, kwa kuwa arifa inaweza kuwa imekwisha kwenye simu na kubaki kwenye Mac.

Ikiwa imeng'ang'ania kifaa kimoja, toka kwenye akaunti katika kifaa hicho peke yake na uingie tena. Usitoke kwenye vifaa vyote kwa wakati mmoja kamwe. Ni lazima kimoja kibaki ndani kikiwa na funguo. Mwenye kifaa kimoja tu asijaribu hatua hii kabla ya kuushika mkononi ufunguo wa urejeshaji uliothibitishwa na kuhifadhi nakala rudufu ya simu kwenye tarakilishi.

Hatua ya mwisho kabisa ni kuzima ulinzi na kuuwasha upya. Unapouzima, kifaa chako hupeleka funguo kwenye seva za Apple kwa njia salama na akaunti hurudi katika ulinzi wa kawaida. Data haipotei, lakini kwa muda huo kampuni inaweza tena kuifungua. Uuwashe siku hiyo hiyo, na uweke ufunguo na wasaidizi kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu.

Ukilazimika kuwasiliana na kituo cha huduma cha Apple au muuzaji aliyeidhinishwa, jiandae na maneno kamili ya arifa, jina la kifaa inakotokea na toleo la mfumo wake. Wanaweza kukuongoza katika mipangilio, ila hawawezi kuifungua data yako, na kwa hivyo hakuna sababu yoyote ya kuwapa, wao au fundi wa mtaani, nambari yako ya siri, msimbo uliopokea au ufunguo wa urejeshaji. Kila kinachohitaji kuandikwa, kiandike mwenyewe kwenye simu yako.