Kulinda Haidroliki ya Trekta Wakati wa Baridi Kali

Trekta iliyolala nje kwenye baridi kali isipewe kazi mara tu injini inapowaka, kwa kuwa mafuta ya haidroliki, yaani mfumo unaoinua na kusukuma vifaa kwa shinikizo la mafuta, huchelewa sana kupata joto kuliko injini. Mafuta ya daraja la ISO VG 46 (kipimo cha kimataifa cha unene wa mafuta), ambayo mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, hupimwa katika nyuzi 40 za Selsiasi, huweza kuwa mazito zaidi ya mara kumi yakishuka hadi nyuzi 0. Mafuta mazito namna hiyo hupita kwa shida kwenye chujio na bomba la kuvutia, pampu ikakosa mafuta ya kutosha, na mapovu ya mvuke yakazuka ndani yake kisha kusinyaa kwa kishindo, yakimega chuma kidogo kidogo. Ukisikia pampu ikilia kwa sauti kali, punguza mwendo wa injini papo hapo.

Kabla ya kuwasha, pima kiwango cha mafuta na uhakikishe kila wenzo uko huru, yaani katikati, pasipoamrisha kitu. Ikiwa gia na haidroliki hutumia mafuta yale yale, kanyaga klachi ili stata isilazimike kuzungusha mafuta yaliyoganda. Iache injini izunguke kwa mwendo wa chini kwa muda ulioelekezwa na kitabu cha trekta, kisha geuza usukani polepole, na uinue na kushusha mikono ya nyuma inayobeba vifaa, bila mzigo, kwa hatua fupi kwanza. Wako wanaoushikilia wenzo mwishoni ili mafuta yapate joto haraka. Mimi siushauri mtindo huo, kwa maana unaibebesha pampu shinikizo la juu kabisa wakati haijawa tayari.

Maji ni adui mwingine. Unyevu wa hewa iliyomo tangini hugeuka matone, matone huganda, na chembe za barafu huziba chujio. Mafuta yenye rangi ya maziwa yamwagwe yote, chujio libadilishwe. Kuongezea mapya juu yake hakusaidii. Kamwe usiyapunguze uzito kwa mafuta ya taa, wala usipashe tangi kwa moto wa wazi. Tumia daraja jepesi zaidi, kama VG 32, iwapo mtengenezaji ameliruhusu.

Sili, yaani mipira inayozuia mafuta kutoka, zinazovuja asubuhi na kukauka mchana zimekwisha kukakamaa, hivyo zibadilishwe mapema. Jioni, shusha jembe hadi chini na urudishe silinda ndani kadiri inavyowezekana, ili fimbo zake zisishikwe na barafu na kutu.