Smart: nadhifu, mwerevu au mjuaji? Namna ya kulitafsiri bila kuaibika

Kazi yangu ni kutafsiri barua za shule na za kazi. Neno lililowahi kuniumbua ni fupi tu: smart. Mzazi mmoja aliniletea barua ya mwalimu Mmarekani: "Your son is very smart." Nikaandika, mwanao ni mtanashati sana. Baba akasoma, akavua miwani. "Mwalimu, ada yote hii naambiwa mtoto anavaa vizuri?"

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Jua msemaji katoka wapi. Mmarekani akimwita mtu smart, mara nyingi anasifia akili. Mwingereza huweza kusifia akili pia, lakini kwake suti iliyopigwa pasi na viatu vinavyong'aa navyo ni smart. Sisi tulifundishwa Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana mtaani "leo uko smati" ni sifa ya nguo.

Hatua ya 2: Tazama kinachosifiwa. "A smart jacket" ni koti nadhifu au la kimaridadi. "A smart question" ni swali la akili. "A smart pace" ni mwendo wa haraka. Mwaliko ukisema "smart casual", tai si lazima, ila kandambili ziache nyumbani.

Ikiwa ni akili, tulia kidogo, maana tuna mwerevu na tuna mjanja. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja: anapata anachotaka hata kama ni kwa kumzunguka fisi. Simu tukaiita simu janja, nayo imekubalika. Lakini ukimwita mtoto wa mtu mjanja, mzazi mmoja atacheka kwa fahari, mwingine atauliza kaiba nini. Kwenye barua rasmi naandika "ana akili" au "mwerevu".

Hatua ya 3: Soma maneno ya jirani. "Don't get smart with me" si sifa hata kidogo. Ni mama anamwambia mtoto anayejibizana naye: usiniletee ujuaji. Ukiandika "usiwe mwerevu kwangu", msomaji hataelewa mama kakasirikia nini.

Hatua ya 4: Angalia kama ni kitenzi. "My eyes are smarting" maana yake macho yanawasha, kama mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi wa kuni. Na hii ndiyo maana kongwe. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilihusu maumivu ya kuchoma, na ni ndugu wa Schmerz, maumivu kwa Kijerumani. Ukali wa maumivu ukageuka wepesi, kisha akili, kisha mavazi. Ikikushangaza, tazama "kali" letu: maumivu makali, mkali wa hesabu, kapiga pamba kali. Njia ni ileile. Kwa mazungumzo ya vijana, mara nyingi "mkali" ndilo naliandika, na halijaniangusha bado.

Sasa jaribu mwenyewe: "She gave the teacher a smart reply." Usiandike kitu kabla ya kusoma sentensi inayofuata. Kama mwalimu katabasamu, ni jibu la akili. Kama kamtoa nje ya darasa, ni jibu la kijeuri.