Gauni la damu ya mzee lililotoka kahawia: kurekebisha rangi na mwanga kwenye studio ya nyumbani

Fundi cherehani mmoja aliniletea gauni la rangi ya damu ya mzee, nimpige picha za kuwaonyesha wateja wake. Alilivaa mwenyewe, nikampiga kwenye chumba cha ziada ninachokiita studio, na jioni ile ile nikamtumia. Jibu likaja: "Mdogo wangu, gauni ni langu, lakini rangi si yangu."

Nikafungua picha upya. Upande wa dirishani gauni lilikuwa limeingia uzambarau. Upande wa pili, kahawia ya kutu. Na uso wake, ambao ni maji ya kunde safi, ulikuwa na ukijani chini ya kidevu kama mtu aliyeamka na homa. Nilikuwa nimemtazama saa nzima nisione lolote kati ya hayo.

Sababu ni kwamba jicho lina tabia ya kusamehe. Karatasi nyeupe chini ya taa ya manjano bado tunaiona nyeupe, kwa kuwa ubongo unajua ni nyeupe na unatoa umanjano wenyewe bila kutuomba ruhusa. Kamera haijui karatasi ni nini. Ukiiachia mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi, ijiendeshe yenyewe, pale palipoandikwa AWB, inakisia upya kila unapobonyeza. Anayepigwa picha akisogea hatua moja, gauni likajaa fremu, inakisia vingine. Ndiyo maana picha ishirini za gauni moja zinaweza kutoka na rangi nne.

Basi kabla ya kugusa menyu yoyote, zima taa. Siku ile nilikuwa na mianga mitatu inayogombana: flashi yangu, dirisha, na taa ya dari. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin. Taa ya nyumbani yenye umanjano huwa kati ya 2700 na 3000, flashi huwa karibu 5500, na mwanga wa kivulini unaopita dirishani unaweza kuvuka 7000, ambao ni ubuluu mtupu. Hakuna mizani itakayopatanisha vitu hivyo vitatu kwenye uso mmoja. Ukirekebisha shavu la kushoto umeharibu la kulia. Chagua mwanga mmoja, mingine ifukuze: pazia chini, taa ya dari izimwe.

Kuna jaribio dogo ambalo sasa silikosi. Naweka kamera kwenye M, yaani kila kitu nakipanga kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/160 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, flashi ikiwa imezimwa, halafu napiga. Picha inatakiwa itoke nyeusi tii. Nikiona hata umbo la kiti, kuna mwanga unaovuja na naanza kuutafuta. Mara moja ulikuwa unatoka kwenye skrini ya kompyuta yangu mwenyewe.

Ukijani chini ya kidevu ulikuwa kesi nyingine. Ukuta wa chumba kile ni wa kijani hafifu, na mwanga wa flashi ulikuwa unaugonga na kurudi usoni ukiwa umebeba rangi yake. Sikupaka ukuta upya. Nilitundika shuka jeupe upande ule, na siku nikitaka kivuli kizito natundika jeusi. Angalia pia sakafu, na angalia shati lako mwenyewe. Mpiga picha aliyevaa fulana ya machungwa, akisimama karibu, ni ukuta wa machungwa unaotembea.

Baada ya hapo ndipo ninaposhika kiasi cha mwanga, na nakishika kabla ya rangi kwa makusudi. Rangi naipima kwa kadi ya kijivu, na kadi iliyoungua kwa mwanga au kuzama gizani haiwezi kusema ukweli kuhusu rangi, na kamera nyingine zitaikataa kabisa ukijaribu kuitumia kuweka mizani.

Hapa kuna jambo ambalo lingeniokolea miaka miwili kama ningeambiwa mapema. Kipimo cha mwanga kilichomo kwenye kamera kinaamini dunia nzima ina ukijivu wa wastani. Jaribu mwenyewe: tandika kitambaa cheusi kijaze fremu, piga kwa otomatiki, kisha rudia kwa kitambaa cheupe. Vyote viwili vitatoka kijivu. Cheusi kimeongezewa mwanga kisiouhitaji, cheupe kimepunguziwa. Sasa fikiria mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe. Kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wake utabaki shimo. Wengi hulaumu ngozi, au humwambia mtu "jipake poda kidogo". Kosa ni la kipimo, na anayekifuata.

Kwa flashi inayoendeshwa kwa mkono kipimo hicho hakikusaidii hata kidogo, maana kinasoma chumba kabla flashi haijawaka. Mimi natumia kadi ile ile ya kijivu, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Anayepigwa picha anaishika chini ya kidevu, imeelekea katikati ya taa na kamera, isiwe na mng'ao. Nasogea karibu hadi kadi ijaze fremu, napiga, nafungua histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Kadi hutokea kama mlima mwembamba, na mlima huo nautaka katikati au kushoto kidogo ya katikati. Ukiwa umeegemea kushoto sana, naongeza nguvu ya flashi, tuseme kutoka 1/16 hadi 1/8. Hiyo ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili.

Shata usiihangaikie. Flashi huwaka na kuzimika kwa muda mfupi kuliko shata inavyobaki wazi, kwa hiyo kupunguza kutoka 1/125 hadi 1/160 hakubadilishi mwanga wa flashi. Ila usivuke kikomo cha kasi ya shata kwa flashi kwenye kamera yako, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250, la sivyo utapata utepe mweusi umekata picha. Mwanga wa flashi unauendesha kwa nguvu yake, tundu la lenzi, ISO, na umbali.

Umbali ndio mwizi wa kimyakimya. Mtu aliye mita 1 kutoka kwenye taa akirudi hadi mita 1.4, amepoteza nusu ya mwanga. Akifika mita 2 amebaki na robo. Watu hawasimami palepale, hasa wanaobadilisha nguo kila dakika tano, kwa hiyo nabandika utepe sakafuni na kuwaambia vidole viguse hapo. Nabandika mwingine chini ya stendi ya taa.

Sasa rangi. Kadi ile ile, mwanga ule ule: kila kamera ina njia yake kwenye menyu ya kuweka mizani ya weupe kwa mkono, ama kwa kupiga kadi papo hapo au kuchagua picha ya kadi uliyokwisha kupiga. Karatasi ya printa usiitumie badala ya kadi. Karatasi nyingi za ofisini zimetiwa kemikali za kuzing'arisha zinazoongeza ubuluu, kamera itaupinga kwa kuongeza umanjano, na picha zote zitatoka kana kwamba zimechovywa kwenye chai. Nimefanya hivyo, najua.

Mimi hupiga faili ghafi, RAW, kwa hiyo kinadharia naweza kurekebisha rangi baadaye kwa kubonyeza kadi na ile alama ya pipeti kwenye programu ya kuhariri, kisha nikanakili marekebisho hayo kwa picha zote. Bado naweka mizani kwenye kamera. Histogramu unayoiona nyuma ya kamera haitoki kwenye faili ghafi, inatoka kwenye picha ndogo ya JPEG iliyokwisha pakwa rangi na mizani uliyoiweka. Mizani ikiwa ovyo, histogramu nayo inakudanganya. Na kwa nguo nyekundu kali fungua histogramu ya rangi tatu: mara nyingi ile nyeupe huonekana imetulia kabisa huku nyekundu imeshagonga ukuta wa kulia, na mikunjo yote ya kitambaa imeyeyuka kuwa doa moja.

Wenye taa za LED zinazowaka muda wote wana mambo mawili ya ziada. Ukiona mistari ya giza imelala kwenye picha, ni taa inayopepesa pamoja na umeme. Penye umeme wa Hz 50 jaribu shata 1/50 au 1/100, penye Hz 60 jaribu 1/60 au 1/125. La pili, LED duni huwa na mapengo kwenye wigo wake wa rangi, hasa upande wa wekundu. Mizani haiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa, hivyo ngozi itabaki imepauka hata kadi ikisoma kijivu safi. Hapo dawa ni kubadilisha taa.

Ukibadilisha chochote, piga kadi tena. Flashi za hali ya chini hubadilika rangi kidogo unapopandisha nguvu, na softiboksi, kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga, ikizeeka ina umanjano wake. Na kabla ya kuhariri, hakikisha kompyuta haiko kwenye hali ya usiku inayopaka skrini uchungwa. Niliwahi kurekebisha picha sitini usiku mmoja, zikapendeza kweli, asubuhi nikakuta zote buluu kama zimepigwa ndani ya friji.

Yule fundi nilimwita tena. Pazia chini, shuka ukutani, taa moja, kadi chini ya kidevu. Tulipomaliza alitoa mfukoni kipande cha kitambaa kilichobaki, akakishika kando ya skrini, akatazama huku na huku kwa muda, kisha akauliza kama naweza kumpunguza tumbo.