Kabla ya siku ya kwanza ya mashine: mambo ya kuzingatia kwa familia yenye mgonjwa wa figo

Baba mdogo alipoambiwa figo zake zimefika hatua ya mwisho, sisi wa nyumbani Tukuyu tulikimbilia kuulizana jambo moja tu: pesa. Pesa ina uzito wake, sikatai. Lakini yalikuwepo mengine ambayo tungeyapanga mapema asingeteseka vile. Nawaandikia ndugu ambao mgonjwa wao ameambiwa ataanza kusafishwa damu kwa mashine.

Anzeni na mkono. Mashine inahitaji mshipa mpana, na mshipa huo hutengenezwa kwa upasuaji mdogo unaounganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha. Ndiyo fistula. Haitumiki kesho yake. Huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, mpaka ikomae. Mgonjwa asiye nayo huwekewa mpira shingoni, na mpira huo ni njia rahisi ya vijidudu kuingia kwenye damu. Baba mdogo alianza na mpira, akapata homa na kutetemeka, tukarudi wodini. Kwa hiyo daktari akishasema figo zinaelekea kufeli, ulizeni habari ya fistula siku hiyohiyo, na mkono utakaotumika, kwa kawaida ule asioutegemea kwa kazi, usichomwe sindano ovyo. Ikishatengenezwa, mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo wala mkungu wa ndizi, na haulaliwi. Kila asubuhi weka vidole juu yake: utasikia mtetemo, kama simu iliyozimwa sauti inapopigiwa. Mtetemo ukipotea, nendeni hospitali siku hiyo, msisubiri zamu yake ifike.

Jikoni ndiko kwenye kazi kubwa, hasa kwetu huku. Figo zikishindwa, madini ya potasiamu yanayotoka kwenye chakula hubaki kwenye damu, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo ghafla. Sasa tazama sahani ya Nyanda za Juu Kusini: ndizi na parachichi za Rungwe, viazi vya Njombe, maharage kila jioni. Vyote vina potasiamu nyingi. Simaanishi mgonjwa aachwe na njaa. Viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, kisha vichemshwe tena kwa maji mapya mpaka viive. Maji yale ya kwanza msipikie mchuzi! Kiazi cha kuchoma na ganda lake kiachwe. Wali wa Kyela na ugali wa sembe vina nafuu. Chumvi ipungue sana, na magadi yale tunayotia kwenye makande ili yaive upesi yaondoke kabisa, maana nayo yana sodiamu kama chumvi.

Kuna kosa moja linaloniuma kila nikilikumbuka. Kabla ya mashine, baba mdogo alishauriwa apunguze nyama na mayai. Alipoanza mashine tukaendelea kumnyima, akakonda mpaka mashati yakamning'inia. Kumbe mgonjwa wa mashine anahitaji protini zaidi, kwa sababu nyingine hupotea wakati damu inasafishwa. Yai, samaki, kipande cha kuku: muulizeni mtaalamu wa lishe kiasi chake.

Maji nayo yapimwe. Wengi huambiwa nusu lita kwa siku pamoja na kiasi cha mkojo anaotoa, ila kipimo chake atakipanga daktari. Uji, chai, mchuzi na hata ulanzi vyote huhesabiwa. Nunueni mizani. Lita moja ya maji iliyobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani, hivyo uzito ukipanda haraka kati ya zamu mbili mtajua ni maji. Akishindwa kupumua akilala chali, au miguu ikimlegea, huo ni wakati wa kuondoka nyumbani hata kama ni usiku.

Safari ipangeni kama kazi ya kudumu. Kawaida ni mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa kama saa 4 kwenye mashine, na zamu haihamishwi kwa sababu ya palizi wala msiba. Kutoka Tukuyu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni mwendo wa kama kilomita 70, na ukungu wa Isyonje mnaujua. Akitoka kwenye mashine presha huweza kushuka, kichwa kikazunguka. Wiki za mwanzo asipande gari peke yake. Sisi tulimwombea chumba kwa shangazi pale Uyole, na hilo lilimsaidia kuliko dawa nyingi.

Upande wa makaratasi, ulizeni bima yake inagharamia zamu ngapi kwa wiki. Vipimo vya homa ya ini na VVU vitatakiwa, na chanjo ya homa ya ini B ianze mapema kwa kuwa hutolewa kwa awamu. Andikeni dawa zake zote, muulize zipi za presha asimeze asubuhi ya mashine. Dawa ya maumivu ya diklofenaki na mizizi ya kuchemsha viwekwe mbali naye. Kama yupo ndugu aliye tayari kutoa figo, semeni mapema, kabla mgonjwa hajaongezewa damu mara nyingi, kwani damu ya kuongezewa huweza kufanya mwili ukatae figo mpya. Upandikizaji unafanyika hapahapa nchini, Hospitali ya Muhimbili tangu 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, fungasheni blanketi, kwa sababu mgonjwa husikia baridi mashine ikizunguka, na Juni ya Mbeya haina huruma. Wekeni soksi, kadi ya bima, daftari la uzito, na sweta yenye mkono mpana unaopandishika mpaka begani.