Jinsi ya Kuchagua Fuwele za Sintilesheni kwa Skana ya Eksirei ya Mizigo

Anayetafuta fuwele za sintilesheni, yaani zinazogeuza mionzi kuwa mwanga, kwa skana ya makontena aghalabu huanza kwa kuuliza ni ipi inayotoa mwanga mwingi zaidi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Sesiamu iodidi iliyotiwa thaliamu hutoa fotoni (chembe za mwanga) zipatazo 54,000 kwa kila MeV (kipimo cha nishati ya mionzi) inayofyonzwa, ilhali kadimiamu tangsteti hutoa pungufu sana ya kiasi hicho. Hata hivyo, ni hiyo ya pili iliyozoeleka katika skana za nishati kubwa. Sababu mojawapo ni udogo wa mng'ao wake unaosalia, yaani mwanga hafifu ambao fuwele huendelea kuutoa baada ya mionzi kukatika.

Anza, basi, na hesabu. Mtambo wa eksirei wa 6 MeV hutoa mionzi kwa mipigo ya mikrosekunde chache tu. Ukipiga mara 200 kwa sekunde, kati ya mpigo mmoja na unaofuata zinapita milisekunde 5. Chukua shehena yenye bonge la chuma la unene wa milimita 300: mionzi inayolipenya ni kama sehemu moja kwa elfu, au pungufu, ya ile inayopita hewani. Ikiwa kifaa bado kinasoma asilimia 1 ya mwanga wa mpigo uliotangulia, uliopita bila kizuizi, masalia hayo yanaizidi ishara halisi mara kumi, na ukingo wa chuma utatokea kwenye picha ukiwa umepauka kana kwamba ni bati. Kwa hiyo mwulize muuzaji kipimo chake kilichukuliwa milisekunde ngapi baada ya mionzi kukatika, kwa kuwa asilimia isiyotajiwa muda haina maana. Kadimiamu tangsteti hubakiza chini ya asilimia 0.1 baada ya milisekunde 3. Sesiamu iodidi ya kawaida yenye thaliamu huweza kubakiza asilimia 0.5 hadi 5 baada ya milisekunde 6.

Baada ya hapo, angalia unene. Kwa fotoni za eksirei za 2 MeV, sentimita 3 za kadimiamu tangsteti, ambayo densiti yake ni gramu 7.9 kwa sentimita ya ujazo, hukatiza takriban asilimia 64, na unene uleule wa sesiamu iodidi hukatiza kama asilimia 43.

Bismathi jemanati, fuwele ya aina nyingine, nayo ina mng'ao mdogo sana unaosalia, ila hupoteza karibu asilimia 1 ya mwanga kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, na skana iliyosawazishwa alfajiri itakuwa imepotoka ifikapo adhuhuri.

Katika kuunga fuwele, paka pande zake zote rangi nyeupe ya kuakisi, isipokuwa uso mmoja unaogandishwa kwenye fotodayodi, kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na uhakikishe gundi haina kiputo cha hewa. Kadimiamu tangsteti hupasuka kufuata bapa lake la asili ndani ya fuwele kama ukuni unavyofuata nyuzi, kwa hiyo usiibane kwa koleo. Tena vumbi lake lina kadimiamu, ambayo ni sumu, hivyo isikatwe wala kusagwa ikiwa kavu. Mwishowe, pima mwanga wa kila fuwele kabla ya kuzipanga, kisha weka pamoja zinazokaribiana, maana tofauti kubwa baina ya jirani na jirani hujitokeza kwenye picha kama mistari.