Unahamia Uswidi? Anza na saa

Koti zito, buti za theluji, vidonge vya vitamini D: nunua. Hayo umeshaambiwa na kila mtu.

Jumapili ya mwisho ya Machi kule husogeza saa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha. Majira ya joto utakuwa nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili. Mweleze mama mapema. Ukimpigia saa tatu usiku mwezi wa Januari, kwake ni saa tano na ameshalala.

Usihesabu saa kwa jua kama tulivyozoea. Desemba, Stockholm kunakucha saa tatu kasorobo asubuhi na jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Juni linazama saa nne usiku. Weka mapazia mazito.

Sasa nisikilize vizuri. Desemba yangu ya kwanza nilipigiwa simu kwenda kwenye usaili wa kazi ya usafi, nyumba ya kulelea wazee. Mama wa kwenye simu akasema "halv tre". Halv ni nusu, tre ni tatu. Nikaandika nyuma ya bahasha: 15.30, saa tisa na nusu. Nilifika dakika kumi kabla, taa za barabarani zimeshawaka, nikapangusa theluji mabegani na kubonyeza kengele. Yule mama alifungua akiwa amevaa koti la kuondokea. Hakugomba. Alinionyesha saa ya ukutani, akasema walinisubiri 14.30 na kazi ameshapewa mwingine.

"Halv tre" inahesabiwa kama kasorobo yetu, kuelekea saa inayokuja: tatu kasoro nusu. Yaani saa nane na nusu mchana. Ukitajiwa saa, omba uandikiwe kwa tarakimu, uirudie kwa sauti, ndipo uigeuze kuwa ya Kiswahili. Usione haya kuuliza mara mbili.

Tafuta pia kalenda yenye namba za wiki, maana watakwambia "vecka 34" na kukata simu. Chumba cha kufulia cha jengo kina zamu. Ukichelewa, mwenzio anaingiza nguo zake. Miadi ya hospitali usiyoifuta mapema utailipia. Na vaa saa ya mkononi, kwa sababu baridi inamaliza betri ya simu ukiwa bado kituoni.